Giza la Dashibodi: Uhakiki wa Uso wa Hiace Kuukuu

Toyota Hiace ya umbo lile lililotoka viwandani kuanzia 1989 hadi 2004 imeshahakikiwa na kila mtu isipokuwa wahakiki. Abiria wamehakiki viti vyake, trafiki wamehakiki tairi zake, na wachoraji wa Nairobi na Dar es Salaam wamejaza mbavu zake maandishi. Uso wake wa ndani, ule ulio nyuma ya usukani, una msomaji mmoja tu, naye ni dereva. Uso huo ukizimika usiku, dereva humwambia fundi, “Taa za dashibodi zimekufa,” na fundi huitikia kwa kutaja bei ya globu. Naona ukarabati huanza kupotea njia kwenye kauli hiyohiyo ya dereva. Inachanganya taa za aina mbili zenye kazi tofauti kabisa, tena inasahau kitu cha tatu kinachozipa maana zote mbili: giza.

Tuanze na fani. Nyuma ya kioo cha plastiki kuna spidomita kubwa, geji ya mafuta na geji ya joto la maji. Kandokando yake vimepangwa vidirisha vidogo vyenye alama. Taa za aina ya kwanza humulika mizani, yaani zinaangukia namba na mishale ili isomeke gizani. Zenyewe hazina habari yoyote. Zikiwaka zote, hazisemi kama mafuta yapo au kasi imezidi. Dereva anaona mshale ulipo, basi. Nitaziita taa za kusomea. Aina ya pili ni zile za vidirishani: kikopo cha oili, betri, hendibreki, mishale ya indiketa, alama ya fulu. Hizi hazimuliki kitu kingine. Kuwaka kwake ndiyo habari yenyewe, na kuzimika kwake ni habari pia. Hizo ni taa za kusema.

Tofauti hii haikuishia kwenye sura. Imeingia hadi kwenye nyaya. Taa za kusomea huamka pamoja na taa za paking. Katika Toyota nyingi za enzi hiyo zinakula fyuzi moja na taa nyekundu za nyuma na taa ya kibao cha namba, na kwenye kifuniko cha kisanduku cha fyuzi pameandikwa TAIL. Taa za kusema zina mlango mwingine. Nyingi hupata umeme kwenye swichi ya ufunguo kupitia fyuzi yake, kisha kila moja hushika njia yake: ya oili kwenye injini, ya betri kwenye oltaneta, ya hendibreki kwenye swichi ndogo iliyo kwenye hendibreki yenyewe. Kundi la kwanza huishi na kufa pamoja. Kundi la pili kila mmoja ana kifo chake.

Kwa hiyo fundi anayejua kusoma hashiki bisibisi kwanza. Anauliza: kimezimika nini kingine? Akizunguka nyuma ya gari akakuta taa za nyuma nazo hazipo, dashibodi haina kosa. Fyuzi imekatika, na fyuzi haikatiki bila sababu. Mara nyingi kuna waya uliochunika ukagusa bati, au soketi ya taa ya nyuma iliyoingia maji. Kuweka fyuzi kubwa zaidi, au ile karatasi ya kung’aa ya pakiti ya sigara, ni kumnyamazisha shahidi. Siku nyingine utaungua waya wenyewe. Taa za nyuma zikiwa nzima na uso wote ukiwa giza, shaka inahamia kwenye kipunguza mwanga au kwenye plagi kubwa ya nyuma ya dashibodi. Kikiwa giza kipande kimoja tu, tuseme upande wa geji ya mafuta, hapo ndipo globu moja au kishikio chake kinashtakiwa. Umbo la giza linaonyesha mahali pa ugonjwa kabla skrubu haijaguswa.

Kuna busara katika kule kuziunganisha taa za mbele ya dereva na taa za nyuma ya gari, na sijui kama waliochora nyaya hizo waliikusudia. Dereva hawezi kuona mkia wa gari lake akiwa anaendesha. Lakini uso ukizimika ghafla njiani kati ya Chalinze na Morogoro, uwezekano ni mkubwa kwamba mkia nao umezimika, na lori linalokuja nyuma halimwoni. Giza la mbele linamletea habari za nyuma. Fundi anayekimbilia kuunga dairekti, kwa kuvuta waya kutoka kwenye redio au kwenye kiwashio cha sigara ili namba za spidomita zionekane, anakata habari hiyo. Uso utang’aa vizuri huku gari likitembea bila mkia.

Sasa tufungue. Waya wa hasi wa betri unatolewa kwanza. Fremu ya plastiki inayozunguka geji imeshikwa na skrubu zilizojificha chini ya ukingo wa juu pamoja na klipu, na plastiki iliyopigwa jua miaka 25 haitaki haraka: ukivuta kwa nguvu, masikio ya klipu yanabaki ndani. Kisha skrubu za geji zenyewe. Uso unavutwa taratibu kuelekea usukani, mkono unapita nyuma kubinya ulimi wa kebo ya spidomita kwa magari yenye kebo, halafu plagi za nyaya. Vumbi linalodondoka hapo ni la barabara zote gari lilizopita.

Geuza kitu hicho ukitazame kwa nyuma, na utakuta maandishi mengine. Mgongo ni plastiki nyeupe, na juu yake imelazwa karatasi nyembamba ya plastiki yenye michirizi bapa ya shaba badala ya nyaya. Kila mchirizi huanzia kwenye plagi, ukapinda, ukaishia kwenye tundu la mviringo. Kwenye kila tundu kumeingizwa kishikio cha plastiki chenye globu; ukikizungusha robo duara kinatoka. Ndimi mbili za chuma za kishikio hicho ndizo zinazobana shaba ya karatasi na kupokea umeme. Weupe wa ule mgongo nao una kazi: ndani ya sanduku hilo rangi nyeupe hurudisha na kusambaza mwanga, ili globu chache zitoshe kuangaza uso mzima pasiwe na mahali panapowaka kuliko pengine.

Hapa ugonjwa mwingi si globu. Ni mguso. Shaba imepata ukungu wa kijani au weusi, na ndimi za kishikio zimechoka kubana. Dawa yake ni ya bei ndogo: kifutio cha penseli kisuguliwe polepole kwenye shaba hadi ing’ae, spiriti kidogo ifute uchafu, ndimi ziinuliwe kidogo kwa ncha ya bisibisi. Mchirizi uliokatika unaweza kuungwa kwa waya mwembamba na risasi, ila mkono uwe mwepesi, kwa kuwa karatasi ile huyeyuka mapema. Nimemtazama fundi mmoja mzee akifanya kazi hiyo: aligusa kwa ncha ya moto kwa muda wa kupepesa jicho, akapuliza, akagusa tena, na hakuwa na haraka hata mteja alipoanza kunung’unika. Spanaboi wake alitaka kupitisha waya mnene juu ya kila kitu. Mzee alimkataza kwa swali: “Kesho mwenzako akifungua atasomaje?”

Globu yenyewe ni kichupa cha kioo kisicho na kitako cha chuma. Nyaya zake mbili zimekunjwa ubavuni mwa kioo hichohicho. Maduka ya vipuri ya Gerezani, Dar es Salaam, na ya Kirinyaga Road, Nairobi, yanaziuza kwa majina ya T10 na T5, yaani unene wa milimita 10 na milimita 5. Zile kubwa za kusomea zina wati 3 na ushei, na zile ndogo za vidirishani wati 1 hivi. Tofauti hiyo haionekani dukani, ila inaonekana baada ya miezi. Globu ya wati 5 ya taa ya paking inaingia bila shida kwenye kishikio cha ile ya wati 3.4, na mwanzoni inafurahisha kwa ukali wake. Kisha joto lake linakausha plastiki, linabadili rangi ya uso, na kama globu ilivishwa kofia ya mpira ya kijani, inaikaanga. Ile kofia au kichujio cha rangi si pambo. Kinapunguza weupe wa mwanga ili namba zisipigane na barabara.

Na hapo ndipo giza linapodai haki yake. Jicho la binadamu huhitaji karibu nusu saa kuzoea giza kikamilifu, na mwanga mkali wa ghafla unaweza kuharibu mazoea hayo kwa sekunde. Dereva wa usiku anatazama barabara isiyo na taa, anashuka kwenye spidomita, anarudi barabarani. Kila akishuka, uso wa dashibodi ukiwa mkali kuliko barabara, anarudi akiwa na macho mabovu kidogo. Ndiyo maana magari mengi yakapewa kile kigurudumu cha kupunguza mwanga. Wengi hawajui kazi yake, na wengine wameshaleta gari gereji uso ukiwa giza, kumbe mtoto alikizungusha hadi mwisho. Chenyewe nacho huugua: njia yake ya ndani hushika uchafu, taa zikawa zinawaka na kuzimika kila gari linaporuka tuta. Kukizungusha mara nyingi huku na huku, au kukisafisha, kunatosha mara nyingi.

Turudi kwenye taa za kusema, kwa sababu fani yao ni ngumu zaidi. Chukua ya betri. Ufunguo ukiwashwa kabla ya injini, umeme hutoka kwenye ufunguo, hupita kwenye globu na kuelekea oltaneta, nayo inawaka. Injini ikishanguruma na oltaneta ikaanza kuzalisha, nguvu ya umeme ya upande wa pili wa globu hupanda hadi kulingana na ya upande wa kwanza. Pande mbili zikilingana, hakuna kinachotiririka, na globu huzimika. Hakuna swichi iliyoizima. Imezimwa na usawa. Katika oltaneta nyingi za zamani, na Volkswagen Transporter za kale zinajulikana kwa hilo, ule umeme mdogo unaopita kwenye globu ndio unaoiamsha oltaneta. Globu hiyo ikiungua, gari linaweza kukataa kuchaji mpaka injini ivutwe sana. Neno hapo haliripoti tendo tu, linashiriki kulitenda.

Taa ya oili nayo husomwa vibaya kila siku. Swichi yake kwenye injini hupima msukumo wa oili, haipimi wingi wake. Ikiwaka injini ikiwa inanguruma, haimaanishi “ongeza oili ukifika.” Inamaanisha vyuma vinasagana sasa hivi. Indiketa kwa upande wake ndiyo taa pekee yenye mahadhi, na maana yake imo kwenye mwendo wa mapigo. Kwa relei za zamani, globu moja ya nje ikiungua, mapigo huharakisha. Dereva anajua habari za kona ya gari asiyoiona kwa kusikia mdundo umebadilika.

Halafu kuna taa ambayo wahakiki wa simulizi wangeipenda. Katika Hiace nyingi za dizeli kuna kidirisha kilichoandikwa T-BELT. Taa yake haipimi mkanda wa taimingi, inahesabu kilomita. Zikifika 100,000 inawaka, kwa kuwa mtengenezaji anaamini mkanda umemaliza umri wake. Fundi akishabadili mkanda, anaihesabisha upya, na katika magari mengi anafanya hivyo kwa kutoa skrubu moja ndogo mgongoni mwa geji kwenye tundu moja na kuihamishia tundu la pili. Skrubu ile ni kama sahihi. Inatamka kwamba kazi imefanyika. Hakuna chombo chochote ndani ya gari kinachoweza kujua kama imefanyika kweli. Mtu anaweza kuhamisha skrubu bila kugusa mkanda, na mkanda ukikatika kwenye injini za dizeli za Hiace hizo, 2L na 3L, pistoni hukutana na vali. Mwingine ana njia fupi zaidi: anang’oa globu.

Kwa taa za kusema, kimya kina maana mbili. Kinaweza kuwa kimya cha afya na kinaweza kuwa kimya cha maiti, na kwa jicho vinafanana. Kimya kingi kina mshindo mkuu, na kwenye dashibodi mshindo huo huwa wa injini kuvunjika. Watengenezaji waliijua hatari hii, wakaweka dakika ya ukaguzi: ufunguo ukifika ON kabla ya kupiga stata, taa kuu za hatari huwaka zote kuonyesha kwamba zina uhai. Kisha injini ikiwaka huzimika. Ule mfululizo wa kuwaka kisha kuzimika ndio unaokipa kimya kinachofuata uhalali wake. Ndiyo maana madalali wajanja hawaishii kung’oa globu, kwani mnunuzi makini angegundua pengo. Wanaunga waya wa taa yenye matatizo kwenye taa ya jirani, kwa kawaida ya oili au ya betri, ili iwake na kuzimika pamoja nayo kama mzima. Huo ni uongo uliojengwa kwa kuifahamu fani vizuri kuliko wanavyoifahamu wanaodanganywa.

Tukifika kwenye mtindo wa sasa wa kubadili globu zote kuwa LED, hukumu yangu inategemea aina ya taa. Kwa taa za kusomea, LED nzuri yenye mwanga laini inaweza kufaa, maana haina joto na inadumu. Ila ina upande wa chanya na hasi. Ikigeuzwa haiwaki, na mafundi wengi wamerudisha geji nzima ndani kabla ya kulitambua hilo. Nyingi hurusha mwanga mbele tu, hivyo weupe wa sanduku haupati cha kusambaza: namba 60 inawaka kama jua huku 100 ikififia. Kipunguza mwanga cha zamani nacho mara nyingi hakielewani nazo. Kwenye taa ya betri jambo ni zito zaidi, kwa sababu LED hupitisha umeme mdogo mno kuliko globu, na oltaneta inayotegemea umeme huo inaweza isiamke.

Kosa kubwa la mtindo huo, hata hivyo, ni la rangi. Sarufi ya rangi za dashibodi imewekwa kimataifa katika kiwango cha ISO 2575: nyekundu kwa hatari, manjano kwa tahadhari, kijani kwa kitu kinachofanya kazi, na buluu kwa fulu. Fulu imepewa rangi yake peke yake kwa sababu anayeumizwa nayo ni mtu mwingine, dereva wa mbele, na anayepaswa kukumbushwa ni huyu. Uso ukipakwa LED za buluu kote, ile alama inazama ndani ya buluu ya jirani. Dereva anasahau fulu, na mwenzake anayemkabili anapofuka. Utamaduni wa matatu zilizonakshiwa za Nairobi una haki yake ya rangi, nami naupenda. Huo ni mwanga wa hadhara, unatazamwa na mamia. Uso wa geji ni maandishi ya msomaji mmoja aliyebeba roho za wengine, na nakshi ya kule ikihamishiwa huku inafuta herufi.

Sisemi kwamba fani ya asili haina kasoro. Katika Hiace nyingi za umri huu joto la maji lina mshale tu bila taa ya kusema, ilhali kuchemka ni miongoni mwa maradhi makubwa ya injini hizo. Mshale unapanda kimyakimya dereva akiwa anabishana na konda. Taa nyekundu zote zina ukubwa mmoja, kana kwamba hendibreki iliyosahaulika na oili iliyokosa msukumo ni habari za uzito sawa. Namba za spidomita zinapanda mbali kupita kasi ya kilomita 80 kwa saa iliyowekwa kwenye vidhibiti mwendo vya matatu za Kenya tangu 2004, na zile ambazo dereva wa mjini anazihitaji kila siku, 30 hadi 50, zimesukumwa kwenye pembe ndogo ya chini. Fundi hawezi kurekebisha hayo. Anachoweza ni kutoongeza kasoro zake juu ya hizo.

Kipimo cha kazi yake, basi, kifanywe usiku, gari likiwa limesimama mahali pasipo taa ya barabarani. Ufunguo ufike ON: taa za hatari ziwake zote, kila moja kwa globu yake. Injini ipigwe: zizimike, ya oili na ya betri kila moja kwa wakati wake; zikizimika pamoja mara zote kama zimefungwa kamba moja, pana waya wa kuulizwa. Taa za paking ziwashwe: mizani isomeke bila kuvuta jicho, na mtu aende nyuma kuangalia mkia. Kigurudumu kizungushwe: mwanga ushuke taratibu. Mwisho fulu: buluu ionekane peke yake. Fundi aliyefaulu mtihani huo alipwe chote alichoomba, hata kama uso wake hauwaki kama wa Hiace ya jirani. Aliyeufeli kwa kung’arisha kupita kiasi arudishiwe gari, azitoe zile LED mbele yako, na azirudishe globu za wati zilizoandikwa.